Jina la Wakati wa Mvua

Juzi fundi wa pikipiki aliye jirani na kibanda changu hapa Ogembo alichoma tairi kuukuu, na moshi wake ukaingia mpaka kwenye vitambaa. Kazi yangu ni kushona sare za shule. Nilikuwa na shati la mtoto chini ya sindano, nikashindwa kuendelea. Niliondoa mguu kwenye cherehani nikakaa tu. Mteja mmoja aliniuliza kama moshi umeniingia machoni, nikamwambia ndiyo.

Tangu tumzike Mama nimekuwa hivyo. Jambo dogo linanirudisha nyumbani kwetu, kwenye kilima kilicho upande wa Kebirigo, na nikifika huko nakuta ni alasiri na mvua inakuja. Wenzangu mliokulia milima ile mnajua kwamba mvua yetu ina saa zake. Asubuhi jua linawaka, majani chai yanang'aa, nguo zinakauka. Ukimaliza kula chakula cha mchana, anga la upande wa Manga linaanza kuwa jeusi, na kabla wachumaji hawajafikisha vikapu vyao kituoni, radi imeanza kupasua.

Mama alipoona weusi ule alikuwa na kazi zake. Alitia makaa kwenye kigae cha chungu, akaweka kipande cha tairi juu yake, akakiweka mlangoni ili moshi uzunguke nyumba, kwa kuwa watu walisema radi haiipendi harufu hiyo. Alifunika kwa leso kioo cha kunyolea cha Tata, kama tulivyomwita baba yetu. Aliingiza sufuria zote zilizokuwa uani, na kama kulikuwa na nguo nyekundu kambani aliianua kabla ya nyingine. Mambo hayo yalifanywa katika nyumba nyingi. Lakini kulikuwa na moja lililofanywa kwetu peke yetu. Mvua ikianza tu kunuka, hakuna aliyeruhusiwa kumwita ndugu yangu mdogo kwa jina lake. Jina lake lilikuwa Makori. Wakati wa mvua aliitwa Omogeni, yaani mgeni.

Makori wa kwanza alikuwa mdogo wake Tata. Mimi sikumwona. Alikuwa kijana ambaye hajaoa, na alasiri moja mvua ilimkuta kwenye majani chai, akakimbilia chini ya mkaratusi, radi ikampiga hapo. Mama yake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Magokoro, hakupata mjukuu kutoka kwake. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa, ili jina lisipotee, na Magokoro alikuwa akingoja mvulana azaliwe. Ndugu yangu alipozaliwa, Mama hakulitaka jina hilo. Alisema waziwazi mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo wake wa siku zile hawakulithubutu, kwamba jina la mtu aliyekufa kifo kibaya lipumzishwe kwanza. Alitaka mtoto aitwe jina la babu wa kwao, upande wa Marani.

Ikawa mtoto analia. Alilia mchana na usiku mpaka Tata akawa analala jikoni. Ndipo Magokoro akaja, akamchukua mapajani, akaanza kumtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, ili mtoto mwenyewe aonyeshe anayemtaka. Alipofika kwa Makori, mtoto akanyamaza. Magokoro aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa kupiga kofi moja kubwa.

"Akanyamaza jii! Mimi sikumchagua. Walichaguana wenyewe."

Mama naye, akiendelea kumenya ndizi, alisema polepole kama anayezungumza na kisu, "Alinyamaza kwa sababu alichoka kulia."

Hivyo Mama alilipokea jina kwa kuwa hakuwa na la kufanya, kisha akatafuta namna ya kulificha. Hakuna mzee aliyemfundisha. Aliibuni mwenyewe. Jina la Makori litumike wakati wa jua, na mvua ikija mtoto awe mtu mwingine, asiye wa nyumba ile.

Makori aliupenda ugeni wake. Mvua ikianza aliacha michezo, akaenda kukaa kwenye kiti cha Tata, miguu haifiki chini, akakunja mikono kifuani.

"Karibu, Omogeni," Mama alimwambia.

"Nimekaribia. Huku kwenu wageni hawapewi chai?"

"Kwanza tuambie umetoka wapi."

"Nairobi."

"Na umetuletea nini?"

"Nimewaletea njaa."

Magokoro alicheka mpaka akajifuta macho. "Mgeni huyu hana haya! Jana alikunywa chai yetu akaondoka bila kuaga."

"Yule wa jana alikuwa mwingine," Makori alisema. "Mimi ndio kwanza nafika."

Na Mama, akitupia jicho mlangoni kila anga lilipomulika, alimtilia chai kwenye kikombe cha maua ambacho sisi wengine hatukuruhusiwa kukigusa. Nje mabati yalipigwa hata tukawa tunapiga kelele ili tusikizane. Ndani kulikuwa na moshi wa mpira, chai, na mtoto aliyejifanya mtu mzima wa Nairobi. Nikisema kwamba nilizipenda alasiri zile, nasema kweli.

Mimi nilikuwa mkubwa kwake, na mambo haya niliyaelewa kwa namna yangu. Shuleni mwalimu alituita kwa majina kila asubuhi, na ukisikia lako unaitika. Nikaamini kwamba ngurumo nayo ni mwito wa namna hiyo, na kwamba anayeitika huchukuliwa. Baba yetu mdogo alikuwa ameitika. Kwa hiyo nilimwonya Makori asiitike chochote mvua ikinyesha, isipokuwa Omogeni. Niliona kwamba nyumba yetu yote inamdanganya yule anayeita, na kwamba tukiendelea hivyo mpaka Makori aote ndevu, huyo anayeita atachoka aende zake. Sikujiuliza hata mara moja kama kuna kitu kingine duniani kinachoweza kumchukua mtoto.

Siku yenyewe aliamka na homa. Tata alimgusa shingo, akasema apelekwe kituo cha afya kule Kebirigo, kisha akaenda kuchuma majani. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani. Mama alimpa uji akautapika. Alimwosha, akambadilisha shati, akatafuta leso ya kumbebea mgongoni. Safari ilikuwa ya miguu, kushuka bondeni, kuvuka kijito na kupanda upande wa pili. Tulikuwa bado uani mvua ilipotuwahi, mapema kuliko kawaida yake. Mama akarudi naye ndani.

Akatia makaa kwenye kigae. Akafunika kioo. Alipomaliza akaenda kukaa kitandani alipomlaza.

"Omogeni," alimwita. "Omogeni wangu, nikutilie chai?"

"Leo mgeni hataki," Makori alisema.

Mvua ile ilikuwa na radi za karibu, zile ambazo mwanga na mlio huja pamoja. Magokoro alikuwa kwenye kigoda, amefumba macho, anaomba. Kisha ikakatika. Nalikumbuka hilo vizuri kwa sababu ghafla tulisikia sauti zetu. Jua likatoka, mabati yakaanza kutoa mvuke, kuku wakatoka chini ya ghala wakawa wanachakura kwenye matope. Mama alitoka akasimama uani na ile leso mkononi. Alitazama upande wa Manga. Weusi ulikuwa bado uko kule.

"Twende sasa?" nilimuuliza.

"Haijaisha," alisema. "Inavuta pumzi."

Magokoro alisema kutoka ndani, "Usimtoe. Hivi ndivyo ilivyomdanganya mwanangu. Aliona jua akarudi kwenye majani."

Mama alisimama kidogo zaidi. Aliishika leso kwa mikono miwili, kama mtu anayepima kitambaa. Halafu akaingia, akafunga mlango.

Jua liliwaka hata mlango uliofungwa ukawa unapitisha mistari ya mwanga sakafuni. Sisi tulikaa humo ndani tukingoja radi. Mvua ya pili ilikuja baadaye sana, na ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Tata aliporudi jioni, amelowa, alimkuta Makori anatetemeka mwili mzima na macho yamegeuka. Alimbeba mgongoni, Mama akawafunika kwa nailoni, wakashuka kilima wakikimbia.

Asubuhi nilimwona Tata peke yake sebuleni. Alikuwa anatoa viti, kimoja kimoja, anavipanga uani. Hapo nikajua watu wanakuja.

Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Siku ya mazishi nilikaa chini ya turubai na binamu zangu, karibu na bibi mmoja jirani. Sikulia. Nilikuwa na habari njema, na nilishangaa kwamba hakuna mtu mzima anayesimama kuitangaza. Mwishowe nikamwambia yule bibi, tena kwa sauti, "Lakini radi haikumpata. Tulishinda."

Wanawake waliokuwa karibu waligeuza nyuso. Mama alikuwa ameketi chini kando ya jeneza. Aliniita kwa mkono, nikaenda nikidhani atanisifu. Alinitazama, akaninyooshea kola ya rinda, akanikalisha ubavuni mwake. Nilihisi joto la mwili wake na nikaona kwamba hajafurahi, na sikuelewa kwa nini, maana kazi yote ile alikuwa ameifanya yeye.

Mzee wa kanisa alisimama akasema siku za kila mtu zimepangwa kabla hajazaliwa. Magokoro aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Mpaka alipokufa aliamini kwamba jina lile lilikuwa na njia yake, na kwamba radi na homa ni miguu miwili ya mtu yule yule.

Wiki zilizofuata wanawake wa kanisa walikuja kutuchumia majani na kutupikia. Mmoja wao, Mama Kemunto, alikuwa mtu mwema kabisa, na alisema lililosemwa na wote.

"Mama Makori, usijitese. Hata ungempeleka asubuhi na mapema, siku ikifika imefika."

Mama alikuwa anaosha vikombe. "Hata ningemfikisha kwa daktari?"

"Hata ungemfikisha."

"Na kama nisingefikiria kumpeleka kabisa? Nikampa uji tu, nikaenda zangu sokoni?"

"Ni yale yale, dada yangu."

"Basi Kemunto wako alipopata homa, mbona ulikimbia naye mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye kijito?"

Kiatu kile kilikuwa kimechekesha kilima kizima, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Mama Kemunto alisema, "Huo ni uchungu unaosema," kisha mwingine akaanzisha wimbo wakauimba wote.

Tata alikuwa na njia yake ya kumtuliza. Alimwambia, "Mvua ile haikukatika hata kidogo. Nilikuwa nje, najua." Alikuwa upande wa pili wa kilima, na mvua za kwetu hunyesha huku zikaacha kule, kwa hiyo labda kwake haikukatika kweli. Au alimhurumia. Aliyarudia maneno hayo miaka nenda miaka rudi, na kila aliporudia Mama alinitazama mimi, kisha akaendelea na kazi aliyokuwa nayo.

Nilipokuwa msichana mkubwa kidogo nilianza mchezo wa peke yangu, nikiwa kwenye majani, mikono inachuma yenyewe. Nilirudi nyuma. Kama Mama angetoka uani wakati ule wa jua. Kama Magokoro asingesema neno. Magokoro asingesema neno kama mwanawe asingepigwa na radi, naye asingepigwa kama angekimbilia nyumbani, na hakukimbilia nyumbani kwa sababu mkaratusi ulikuwa karibu, na mkaratusi aliupanda mtu fulani kwa sababu alitaka mbao. Nilikwenda hivyo mpaka nikafika kwa watu nisiowajua, na bado Makori alikuwa amekufa. Kila kitu kilikuwa kimeshikana na kingine, kama sweta, hakuna uzi ninaoweza kuuvuta peke yake. Siku nyingine niliona mzee wa kanisa alisema kweli. Siku nyingine nilikumbuka wale kuku, jinsi walivyochakura bila haraka, na nikaona kwamba mlango ulikuwa wa mbao tu, na ulifungwa kwa kamba.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane. Waliosoma zaidi pengine wanajua kama dunia hii ingeweza kwenda njia nyingine au kama ilikuwa na hii moja tu. Mimi sijui, na sitajifanya najua.

Magokoro alikufa, kisha Tata. Mama alibaki kuitwa Mama Makori maisha yake yote, hata na watoto wa majirani waliozaliwa baada ya Makori kufa na wasiomjua. Mwaka huu alipozidiwa nilifunga kibanda nikaenda kukaa naye. Wageni walikuja kumwombea karibu kila siku. Walimwambia kwamba hakuna lililotokea katika maisha yake ambalo halikupangwa. Aliwashukuru, akawapa mkono.

Alasiri moja walipoondoka nilimtoa barazani apate hewa. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Wewe ndiye umebaki," alisema. "Magokoro hayuko. Baba yako hayuko. Nikuulize?"

"Niulize, Mama."

"Siku ile ya Makori. Mvua ilikatika, au niliota?"

Nililijua jibu la huruma. Lilikuwa limesemwa na Tata, na mimi ningelirudia tu, naye angekufa akiwa nalo. Nilijiambia kwamba mtu aliyebakiwa na siku chache habebeshwi mzigo. Lakini alikuwa ameniuliza mimi, na alikuwa akinitazama vile vile alivyonitazama kila Tata aliposema maneno yake. Nikaona kwamba miaka yote ile alikuwa anangoja nikue.

"Ilikatika, Mama," nilisema. "Jua lilitoka. Kuku walitoka nje."

"Kwa muda mrefu?"

"Mrefu."

"Wa kufika Kebirigo?"

"Wa kufika, na ukampata daktari."

Nilingoja alie. Alifumba macho akakaa hivyo mpaka nikaogopa, nikamshika mkono. Ulikuwa na joto.

"Ningemfikisha," alisema. Akasema tena, polepole zaidi, "Ningemfikisha. Kwa hiyo alikuwa wa kupona."

"Nafikiri hivyo, Mama. Sina hakika."

Alionyesha kwa kidevu njia waliyoshukia wageni. "Hawa wote ni watu wazuri. Lakini tangu siku ile wamekuwa wakiniambia kwamba nilizaa mtoto aliyekwisha kufa."

Nilikuwa nimedhani lawama ndiyo iliyomtesa, na kwamba yeyote atakayeiondoa atakuwa amemsaidia. Yeye aliishikilia, kwa sababu wakiiondoa wanamwondoa na mvulana. Kama hakuna ambacho angeweza kufanya, basi hapakuwa na Makori wa kupona popote, hata kwa dakika moja ya jua. Sijui kama nilifanya vyema kumwambia. Najua kwamba alilala usingizi usiku ule, na siku alizobakiza hakuniuliza tena.

Lakini alasiri ile hatukuingia ndani mara moja. Akaniuliza, "Sasa angekuwa mkubwa kama nani?"

"Kama yule mwenye kinu cha kusaga hapo chini."

"Yule mwenye upara?"

"Huyo huyo."

"Makori asingekuwa na upara. Watu wa kwetu Marani hawana upara."

"Mjomba je?"

"Mjomba wako alinyolewa vibaya."

Nikacheka, naye akacheka, kicheko kidogo kilichomletea kikohozi. Nilimpa maji. Nikasema Makori angekuwa mwalimu. Akakataa, akasema hakupenda kuamka mapema, angekuwa mtu wa biashara maana alikuwa na mdomo. Tukamtafutia mke. Nilipendekeza wa huku kwetu Ogembo, naye akasema wasichana wa huko wanaringa, na nikamkumbusha kwamba wajukuu zake, binti zangu, ni wasichana wa huko. Akasema ndiyo maana anajua. Tukakubaliana awe wa hapa karibu, wa familia inayokwenda kanisani. Watoto tuliwagombania. Mimi nilitaka wachache, yeye aliwataka wengi, na alianza kuwapa majina, wote wakiwa hai na wazima.

Baridi ilianza kushuka. Nilisimama, nikaingiza mikono chini ya makwapa yake nimwinue.

"Ngoja kwanza," Mama alisema. "Hatujamwonyesha mahali pa kujenga."

Nikaketi tena. Akainua mkono, akaonyesha sehemu ya juu ya shamba, kule ambako maji hayatuami.